Mama wa Ghalani: Maisha ya Ottilia Augustino Ndunguru (1954–2025)

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Ndunguru, wakwe zetu akina Haule mliopanda kutoka ziwani, majirani wa Maguu na wa Mbinga mjini, na ninyi nyote mliowahi kulala Ghalani, poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja na baridi hii ya Juni. Marehemu hakupenda sifa za msibani. Alikuwa akisema kwamba mtu akifa tu anageuka malaika, hata kama jana yake alikuwa anaiba kuku. Kwa hiyo mdogo wake Florian, mwalimu mstaafu anayewasomea wasifu huu, ameandika mema yake pamoja na kosa lake moja kubwa. Kosa hilo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe hadharani, na amri ya dada mkubwa haina rufaa.

Ottilia alizaliwa hapa Maguu tarehe 13 Desemba 1954, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Augustino Ndunguru na marehemu mama Vitalia Kapinga. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Ottilia, hivyo padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina. Alipofika umri wa miaka sita alikuwa tayari ndiye mlezi wa wadogo zake. Mama alipokuwa analima ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni ambayo wageni huja kuyapiga picha, Ottilia aliachiwa watoto. Na kwa kuwa mlima huu hauna mahali pa kumlaza mtoto asibingirike, aliwalaza ndani ya shimo la ngoro juu ya majani makavu, yeye akakaa ukingoni na kijiti kufukuza siafu. Florian ni mmoja wa waliolelewa shimoni. Mpaka leo, na mvi zake zote, akipita kwenye ngoro mpya yenye majani anasikia usingizi.

Alianza darasa la kwanza hapa hapa kijijini mwaka 1963, akamaliza la saba mwaka 1969. Hakuchaguliwa kuendelea. Nafasi za wasichana zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na alilia siku tatu, kisha siku ya nne akaamka akaenda kuchuma kahawa. Mwaka 1971 masista walimpokea katika shule yao ya maarifa ya nyumbani, akakaa miaka miwili akijifunza kushona, kupika na kutunza watoto. Huko ndiko alikofundishwa kanuni aliyoishika kama sala ya Baba Yetu: mtoto mgeni kwanza aogeshwe, anyolewe, avishwe nguo safi, halafu apewe uji. Masista walikuwa na sababu zao, maana mapunye na chawa havina hodi. Mtaisikia tena kanuni hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana pale Mbinga mjini, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Akina mama wa sokoni walimwachia watoto asubuhi, wakawakuta jioni wamekula, wamelala na wamejifunza wimbo mpya. Watoto wengi wa maofisa waliohamishiwa Mbinga kutoka mikoa mingine walijifunza kusema shikamoo kwake. Aliyesahau alirudishwa mlangoni aingie upya.

Kituo hicho ndicho kilichompa mume. Mwaka 1978 madirisha yalioza, akaitwa fundi seremala mmoja kutoka Lituhi, kijana mpole aliyeitwa Cuthbert Haule. Kazi ya madirisha manne ilimchukua miezi miwili, na hakuna fundi mzembe kiasi hicho isipokuwa ana lake jambo. Wazee wa pande zote mbili walikuna vichwa: binti ni Mkatoliki wa milimani, bwana ni Mwanglikana wa ziwani. Mwisho walikubaliana, na ndoa ikafungwa tarehe 22 Septemba 1979. Kwa miaka thelathini na miwili wawili hao walitoka pamoja kila Jumapili, wakaachana njia panda kila mmoja na kanisa lake, wakakutana tena nyumbani kwenye chai. Mungu hakuwajalia mtoto. Palikuwa na watu, wengine wako hapa na wanajijua, waliomwambia Cuthbert atafute mke wa pili, na waliomkumbusha Ottilia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Cuthbert aliwajibu kwamba yeye alioa mke, hakuoa idadi ya watoto. Ottilia neno lile lilimuuma, na alikufa analikumbuka.

Sasa tuje Ghalani. Mnamo Juni 1996 lori lililobeba wachumaji wa kahawa lilipinduka kwenye mteremko. Wazazi kadhaa walifariki, wengine wakalazwa, na watoto watano wakabaki bila mtu. Wilaya nzima haikuwa na mahali pa kumweka mtoto wa aina hiyo hata siku moja. Palikuwa na nyumba za yatima mbali, za watoto wa kukaa miaka, lakini mtoto aliyepatwa na jambo asubuhi na hajulikani jioni atakula wapi hakuwa na kwake. Watoto wale walikaa siku mbili kwenye benchi la kituo cha polisi. Afisa ustawi wa jamii wa wakati huo alikuwa bwana Lusekelo, Mnyakyusa kutoka Tukuyu, na saa ya uji alifika kazini kwa Ottilia akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Dada Ottilia," alisema, "polisi wameniazima benchi kwa siku mbili. Kuliazima tena siwezi."

Ottilia aliwachukua watoto wote watano kwake. Baada ya mwezi mmoja wakubwa wa wilaya walitoa ghala kuukuu la kahawa nyuma ya soko. Vitanda havikuwepo, kwa hiyo Cuthbert alichukua vichanja vya kukaushia kahawa, akavikata, akavitia miguu, na juu yake yakatandikwa magodoro ya sufi. Kwa miaka mingi mtoto aliyetoka pale alinukia kahawa hata aogeshwe vipi. Katika barua za ofisi paliitwa Kituo cha Dharura cha Watoto. Watu walipaita Ghalani, na jina hilo ndilo lililobaki.

Utaratibu ulikuwa siku ishirini na moja. Ndani ya siku hizo ofisi ya ustawi itafute ndugu, na mtoto arudi kwao. Ofisi ilikuwa na mtu mmoja na baiskeli moja, kwa hiyo mtafutaji mkubwa alikuwa Ottilia mwenyewe. Alikuwa na njia yake. Hakumuuliza mtoto anatoka kijiji gani, kwa sababu mtoto mwenye hofu hutaja kijiji chochote. Alimpeleka jikoni wakapika wote, akaangalia. Aliyekoroga ugali wa muhogo na kuulizia dagaa, huyo wa ziwani. Aliyeanza kwa kuchagua maharage, huyo wa kwetu milimani. Kisha alipanda naye lori au walitembea, akiuliza nyumba kwa nyumba, mpaka apatikane shangazi, mjomba au bibi. Watoto mia nne na kumi na wawili walipita mikononi mwake. Wengi sana walirudi kwao kabla siku ishirini na moja hazijaisha, na hilo ndilo alilojivunia. Hakupenda kabisa mtu kumsifu kwamba amelea mamia. Alisema kazi yake ni kuwarudisha.

Na ndiyo maana kosa lile lilimkaa moyoni.

Agosti 1999 waliletwa ndugu wawili kutoka Lituhi, Emerensiana wa miaka saba na Sebastian wa miaka minne. Mama yao alikuwa ameshafariki siku nyingi. Baba yao, mvuvi, alipotea ziwani kwenye dhoruba, na mwili haukuonekana. Watoto walikutwa peke yao ndani, shangazi yao akiwa amevuka kwenda kutafuta habari za kaka yake vijiji vya mbali. Mtendaji wa kijiji aliogopa watadhurika, akawapandisha kwenye lori la dagaa mpaka Mbinga. Walifika wachafu, wana mapunye. Ottilia alifuata kanuni yake. Aliwaogesha, akachukua wembe akawanyoa vipara, akawavika nguo safi, akawapa uji. Alifanya yote hayo kwa upendo kabisa, na ndivyo alivyoharibu.

Cuthbert aliporudi jioni kutoka karakana aliwaona wale watoto wamekaa kizingitini na vichwa vinang'aa. Alisikia wanatoka kwao Lituhi, na baba yao ni nani. Akauliza kama baba yao amezikwa. Ottilia akamjibu kwamba mwili haujapatikana. Cuthbert alikaa chini na zana zake bado begani. Katika ukoo ule, kichwa cha yatima hakiguswi na wembe wala mkasi mpaka mzazi azikwe, au mpaka wenye msiba waseme sasa tunaanua matanga. Anayenyoa ni shangazi, na kunyoa ndiko kumaliza. Mtu wa ziwani asingekosea. Mmatengo wa Maguu, mtu wa milimani, alikosea.

Nywele zikishakatwa hazirudishiki, ni kama maji yaliyomwagika. Hata hivyo Ottilia hakujificha. Siku ya kumi na tisa aliwachukua watoto akashuka nao Lituhi, kwa shangazi yao mama Benadetha. Huyo mama alikuwa amerudi mikono mitupu, bila habari ya kaka yake, na alikuwa bado analala chini kwa msiba. Ottilia alipiga magoti uani, akamwamkia, akaeleza yote bila kupunguza.

Mama Benadetha alitazama vichwa vya watoto. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa bado namtafuta kaka yangu. Wewe umeshamzika."

Ottilia alimwomba awachukue watoto, na kosa amwachie yeye. Mama Benadetha akatikisa kichwa. Alisema kichwa cha yatima hunyolewa mzazi anapokufa. Kwa mama yao walishanyolewa, na kwa baba yao sasa wameshanyolewa na mgeni. Hawana tena mzazi ambaye akifa yeye awanyoe, kwa hiyo hana kazi nao. "Aliyenyoa ndiye mwenye watoto," alisema. "Rudi nao."

Walirudi Mbinga watatu. Siku ishirini na moja za Emerensiana na Sebastian zikawa miaka. Cuthbert alipeleka wazee wa kwao mara mbili kuomba, wakarudi na jibu lile lile. Tangu hapo kanuni ya Ghalani ilibadilika. Kabla maji hayajatiwa motoni, kila mtoto aliulizwa kwanza: "Kwenu nani huwa anakunyoa?" Jibu liliandikwa kwenye daftari, na wembe ulikaa kabatini mpaka aliyetajwa apatikane. Wakaguzi walilalamika juu ya mapunye. Ottilia aliwaonyesha dawa ya kupaka.

Kuhusu wale wawili, aliapa kwamba wembe hautawagusa tena mpaka uwe wa shangazi yao. Nywele zikaota, zikarefuka. Mwajua shule zetu na nywele. Mwalimu mkuu alimwita akamwambia sheria ni sheria, wanafunzi wote vichwa vifupi. Ottilia alifika ofisini siku tatu mfululizo, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema kwamba aliwahi kuharakisha wembe mara moja, na hawezi kuuharakisha tena. Siku ya nne mwalimu alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kiti chake. Emerensiana alisuka mabutu mpaka kidato cha nne. Sebastian aliitwa Rasta tangu darasa la pili, akazoea, sasa hata anaitika.

Kila Desemba shule zikifungwa, Ottilia alishuka nao Lituhi. Mwaka wa kwanza mama Benadetha hakutoka jikoni. Mwaka wa pili aliitikia salamu. Wa tatu aliwapa watoto samaki wawili aina ya mbasa, wa kukaanga. Wa tano aliwaacha walale, na Ottilia akalala kwa wakwe zake upande wa pili wa kijiji. Walipendana, shangazi na watoto, hilo lilionekana. Lakini kila mwaka, siku ya kuondoka, Ottilia alitoa wembe mpya ndani ya karatasi yake, akauweka juu ya kinu. Na kila mwaka mama Benadetha aliurudisha mkononi mwake. Cuthbert alipofariki mwaka 2011 aliendelea peke yake. Watoto walipokuwa watu wazima aliendelea tu. Florian alimwambia mara moja, dada, huyo mama amekataa, muache. Alimtazama mdogo wake kwa jicho lile la kufukuzia siafu. "Hajakataa," alisema. "Hajawa tayari."

Nyakati zilibadilika. Ilikuja miaka ile ya ugonjwa mkubwa, watoto wakawa wengi kuliko vichanja. Ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na fomu zake, na wakaguzi wake. Pwani ya ziwa ikawa wilaya ya peke yake, na watoto wa huko wakaanza kupelekwa kwingine. Halafu ofisi ya ustawi ikaanza kutafuta familia za kuaminika vijijini, ili mtoto mwenye shida ya ghafla akae na familia badala ya kukaa kituoni. Wengi walidhani Ottilia atapinga. Yeye ndiye aliyezunguka kutafuta familia hizo, na kila mama aliyemkubali alimfundisha swali la wembe kabla ya jambo lingine lolote. Tarehe 30 Juni 2019 alifunga mlango wa Ghalani kwa mkono wake mwenyewe, akarudi hapa Maguu kwenye shamba la baba. Vichanja aliomba abaki navyo. Vinakaushia kahawa mpaka leo.

Alisumbuliwa na shinikizo la damu kwa muda mrefu, akilificha kwa kusema ni uchovu. Oktoba mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Emerensiana, ambaye ni muuguzi, aliomba likizo akamuuguza. Sebastian alimtengenezea kitanda chenye ukingo asianguke, na Ottilia alisema kimefanana na ngoro. Desemba hakuweza kushuka Lituhi, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano, na jambo hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa. Mwezi Mei alituita. Kwa ulimi mzito alitoa maagizo mawili. La kwanza, kosa lake lisomwe. La pili, akifa, mtu yeyote wa ukoo wa Ndunguru au Haule asithubutu kuwanyoa Emerensiana na Sebastian. Alisema wana mwenye wembe wao. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani, baada ya kunywa uji nusu kikombe, alifumba macho. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miezi mitano. Jeneza mnaloliona amelitengeneza Sebastian.

Agizo lile la pili lilituweka mahali pagumu. Jumapili tunaanua matanga, na kwa desturi watoto wa marehemu hunyolewa. Wawili hawa wangekaa na nywele zao kama wageni kwenye msiba wa mtu aliyewalea. Wazee walijadili. Emerensiana alipiga simu Lituhi Jumanne ile ile, akaambiwa shangazi amesikia, basi. Hakuna jibu lingine lililokuja. Kwa hiyo ratiba ilipokwenda kuchapwa jana asubuhi, Florian aliandika kwamba marehemu ameacha "watoto wa kulea wawili". Ndivyo mtakavyosoma kwenye karatasi mliyoishika.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi hiyo. Florian ameyaandika leo asubuhi kwa kalamu.

Jana saa tisa mchana bodaboda ilisimama pale chini kwenye mkaratusi. Akashuka mama Benadetha, umri wake miaka sabini na minane, amejifunga khanga mbili kwa baridi. Alipanda mteremko huu kwa miguu akakataa kushikwa. Hakwenda kukaa na akina mama. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaongea na marehemu kwa Kinyasa maneno ambayo hatukuyasikia, na haikuwa kazi yetu kuyasikia. Kisha akafungua fundo la khanga yake. Ndani palikuwa na wembe, mpya, katika karatasi yake, na karatasi imeshakuwa ya njano. Ni ule wa Desemba ya mwisho, ya mwaka 2023. Mwaka ule hakuwa ameurudisha. Ottilia hakutuambia.

Wazee walimuuliza, kwa heshima, amekuja kwa jambo gani. Naye akajibu mbele ya wote:

"Nimekuja kunyoa. Amekufa mzazi."

Emerensiana alianguka miguuni pake, na Sebastian, mwanaume mzima mwenye ndevu, alilia kwa sauti. Mama Benadetha aliwaacha walie. Kisha alieleza atakavyofanya Jumapili. Upande wa kuume wa kichwa atanyoa kwa ajili ya kaka yake, ambaye ziwa halikumrudisha. Upande wa kushoto kwa ajili ya mama yao, huyu aliyelala jenezani. Halafu aliomba kusomewa wasifu, na ulipofika mahali pa watoto alimsimamisha Florian akamwambia afute neno moja.

Neno limefutwa. Marehemu Ottilia Augustino Ndunguru ameacha wadogo wawili, Florian na Glorious, Benadetha aliye wifi yake tangu jana, na watu wazima wengi waliolala kwenye vichanja vya kahawa na kurudi kwao salama. Ameacha wajukuu watatu. Ameacha watoto wawili, Emerensiana na Sebastian.

Dada, umeshawarudisha wote. Sasa pumzika kwa amani.